Deki inasoma diski za kiwandani lakini inakataa CD nilizochoma mwenyewe

Mpendasauti

Wakuu, salaam. Naomba msaada wenu kuhusu deki yangu ya DVD, ambayo nimeiunganisha na amplifaya na ambayo kwa miaka kadhaa ndiyo imekuwa chombo changu kikuu cha kusikilizia muziki. Tangu miezi michache iliyopita imeanza kukataa CD nilizochoma mwenyewe, ilhali CD na DVD za kiwandani inazisoma, na hata DVD-R mbili za video za familia, ambazo nazo nilizichoma mimi, zinacheza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo linalonichanganya, kwa sababu kama leza ingekuwa imechoka, ningetarajia ikatae kila kilichochomwa.

CD nilizojaribu ni nne. Ya kwanza ni CD-R (diski inayochomwa mara moja tu) ya muziki wa kawaida, yenye umri wa zaidi ya miaka saba, iliyokuwa ikicheza vizuri tu katika deki hii hii. Sasa deki inaipapasa kwa muda kisha inaandika kwamba hakuna diski. Ya pili ni CD-R mpya yenye faili za MP3, niliyoitengeneza kwa kuburuta faili na kuziweka kwenye dirisha la diski, kama mtu anavyojaza flashi. Hii haijasomwa hata mara moja, ingawa kompyuta iliyoichoma inaifungua bila shida. Ya tatu ni CD-R mpya ya muziki, iliyochomwa kwa kasi ya 52x, yaani mara 52 ya kasi ya kawaida ya kusikilizia. Hii hukubali mara moja katika majaribio matatu, na ikikubali, nyimbo za mwishoni zinarukaruka. Ya nne ni CD-RW, ile inayofutika na kuchomwa tena, ambayo haisomwi kabisa.

Nimeshatumia ile diski ya kusafishia yenye vibrashi, sikuona tofauti. Mfuniko sijaufungua. Je, nianze kutafuta kichwa kipya cha leza, au kosa liko kwenye diski zangu?

Diski_Tupu

Pole, mkuu. Kwanza tuitoe kwenye hesabu ile diski ya pili, kwa sababu naamini haihusiani na leza hata kidogo. Unapoingiza diski tupu kwenye kompyuta yenye Windows, unaulizwa kama utaitumia kama flashi au kwa ajili ya deki ya CD na DVD. Ukichagua kama flashi, diski hupangwa kwa mfumo wa UDF, na faili huandikwa kidogo kidogo kila unapoziburuta. Kompyuta inauelewa mpangilio huo, lakini deki nyingi za nyumbani zinategemea CD ya MP3 iwe imepangwa kwa ISO 9660, au kwa Joliet, ambayo ni nyongeza inayoruhusu majina marefu ya faili. Deki ikikuta mpangilio isioujua, haina namna ya kukueleza hivyo. Itaandika tu kwamba hakuna diski, au kwamba diski ni mbovu, nawe utadhani ni leza.

Jambo la pili ni kufunga diski. CD huanza kusomwa kutoka ndani kuelekea nje, na kwenye ukanda wa ndani kabisa ndipo lilipo jedwali linaloieleza deki kuna nyimbo ngapi na kila mmoja unaanzia wapi. Unapochoma diski na kuiacha wazi ili uje uongeze vitu baadaye, jedwali hilo halijaandikwa mahali pake pa kudumu. Kompyuta iliyoichoma inajua pa kuzitafuta kumbukumbu za muda, deki haijui. Basi katika programu yako tafuta chaguo la kufunga diski, wengine husema kuifinalaizi, na kwa CD ya muziki chagua ichomwe yote kwa mkupuo mmoja badala ya wimbo mmoja mmoja. Ukichoma leo nyimbo tano, kesho ukaongeza nne kama awamu nyingine, tegemea deki nyingi za muziki kuziona zile tano peke yake.

Na naomba uthibitishe kwamba ile ya tatu ni CD ya muziki kweli, yaani programu ilizibadilisha nyimbo kuwa sauti ya kawaida ya CD, na siyo MP3 zilizonakiliwa tu. Njia rahisi ya kujua ni muda. CD ya muziki ya MB 700 inabeba dakika 80, hata mafaili yako yawe madogo kiasi gani, ilhali MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde zinaweza kujaa humo kwa zaidi ya saa 12. Kama diski yako ina nyimbo 150, hiyo si CD ya muziki.

Mpendasauti

Ahsante, Diski_Tupu. Ile ya tatu ina nyimbo 17 na dakika 74, kwa hiyo ni CD ya muziki, na nimehakikisha kuwa ilifungwa. Ile ya pili ni kweli nilichagua kama flashi, nitaichoma upya. Bado sijaelewa ni kwa nini DVD-R zinasomwa na CD-R hazisomwi.

Fundi_wa_Zamani

Ndugu Mpendasauti, swali lako hilo la mwisho ndilo lenye ufunguo, na ninafurahi kwamba umetaja DVD-R, maana wengi huandika tu kwamba "deki haisomi" na kutuachia ramli.

Ndani ya kichwa cha deki yako kuna leza mbili zinazopitia lenzi moja. Moja ni ya DVD, yenye mwanga mwekundu wa nanomita 650, na nyingine ni ya CD, yenye nanomita 780, mwanga ambao jicho halimudu kuuona vizuri. Leza hizi huchoka kila moja kwa wakati wake. Nimeshika deki zilizokuwa zinacheza DVD kama mpya huku zikiwa zimesahau kabisa CD ni kitu gani, na nyingine kinyume chake. Kwa hiyo DVD-R zako zinatueleza kwamba leza nyekundu ni nzima, na zinatueleza pia kwamba lenzi si chafu kiasi cha kulaumiwa. Uchafu ungeisumbua DVD kwanza, kwa sababu mistari yake imesongamana: kutoka mstari hadi mstari ni mikrometa 0.74, wakati kwenye CD ni 1.6. Deki inayosoma mistari iliyobanana hivyo haina sababu ya kushindwa na iliyoachana, isipokuwa kama mwanga wa upande wa CD wenyewe umepungua, au diski hairudishi mwanga wa kutosha.

Hapo ndipo tofauti ya diski inapoingia. CD ya kiwandani ina vishimo halisi vilivyogandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa alumini, na hurudisha asilimia 70 au zaidi ya mwanga unaoipiga. CD-R haina vishimo. Ina tabaka la rangi maalumu ambalo leza ya kuchomea huliunguza doa kwa doa, na kiwango chake cha kurudisha mwanga ni asilimia 65 hivi, ikiwa ni mpya na imechomwa vizuri. CD-RW ni jambo jingine kabisa: tabaka lake ni la madini yanayogeuka kati ya hali mbili, na hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu. Deki ambayo haikutengenezwa kwa kuongeza nguvu ya kusikiliza mwanga hafifu namna hiyo haitaisoma CD-RW hata siku inayotoka kiwandani, kwa hiyo diski yako ya nne usiihesabu kuwa ushahidi, isipokuwa kama iliwahi kusomwa zamani.

Kuna kioja kidogo hapa. Deki za DVD za kizazi cha kwanza zilikuwa na leza moja tu, ile nyekundu, na nyingi zilisoma CD-RW lakini zikashindwa na CD-R, jambo ambalo kwa hesabu niliyotoa hapo juu linaonekana ni kinyume. Sababu ni kwamba rangi ya CD-R ilitengenezwa kwa ajili ya mwanga wa nanomita 780. Mwanga mwekundu inaumeza badala ya kuurudisha. Ndipo watengenezaji wakalazimika kuweka leza ya pili. Kwa hiyo CD-R kwenye deki yako inategemea ile leza ya CD peke yake, na haiwezi kuazima nguvu ya mwenzake.

Sasa tusikilize deki yenyewe. Fanya hivi usiku, nyumba ikiwa kimya. Weka CD ya kiwandani, funga trei, sogeza sikio. Utasikia lenzi ikipanda na kushuka kwa mlio mdogo kama wa kucha juu ya meza, mara moja au mbili, kisha mota inashika kasi, kisha kichwa kinasogea kidogo, na muda unaonekana kwenye kioo. Lenzi inapopanda na kushuka inatafuta umbali ambao mwanga unaorudi ni mkali kuliko wote. Mwanga usipofika kiwango kilichowekwa, deki inaamini trei ni tupu, ndiyo maana inaandika kwamba hakuna diski hata kama diski unaiona kwa macho yako. Rudia kwa kila CD-R. Ikiwa lenzi inapapasa mara tatu au nne na mota haikolei, tatizo ni mwanga kidogo. Ikiwa mota inakolea vizuri, inazunguka kwa sekunde kadhaa kisha inasimama, mwanga unatosha lakini jedwali la mwanzo halisomeki, na hapo turudi kwa Diski_Tupu na kufunga diski. Ikiwa inasoma mwanzo na kuruka mwishoni, tutazame diski ilivyochomwa, au reli ya kichwa.

Mwisho, nijibu mambo matatu: diski ya kwanza ilikuwa inahifadhiwa wapi, ya tatu ina lebo ya karatasi, na je, deki sasa inachelewa kuanza kusoma CD za kiwandani kuliko zamani?

Bisibisi

Mimi naona mnazunguka sana. Pembeni ya kichwa cha leza kuna kirekebishi kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi nyembamba. Kizungushe robo mzunguko, leza itapata nguvu, CD zote zitasomwa. Nilifanya hivyo kwenye deki ya ndugu yangu na ikafufuka siku hiyo hiyo.

Fundi_wa_Zamani

Siku hiyo hiyo, nakubali. Ndugu yangu Bisibisi, na baada ya miezi mitatu ilikuwaje?

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nakifanya kitu hicho hicho nilipokuwa kijana, na nilikuwa nasifiwa sana. Kirekebishi kile kinapangwa kiwandani kwa kipimo, na kazi yake ni kuamua ni umeme kiasi gani unaingia kwenye leza. Leza iliyozeeka ukiipa umeme zaidi itang'aa zaidi, lakini uzee wake unakwenda mbio kwa kadiri hiyo hiyo, kisha siku moja inazimika moja kwa moja na hakuna cha kuzungusha tena. Deki moja niliizungusha kidogo, ikasoma. Mwenyewe akarudi baada ya wiki, nikaongeza. Akarudi tena, na safari ile ya tatu hata CD za kiwandani zilikuwa zimekataa. Nililazimika kumwekea kichwa kipya kwa gharama yangu. Isitoshe, kwenye vichwa vya leza mbili viko virekebishi viwili, na asiyejua kipi ni cha CD na kipi ni cha DVD ataiharibu leza nzima akiitafuta mbovu. Mpendasauti ana leza nyekundu isiyo na kosa, haifai tumponze.

Bisibisi

Sawa, mzee. Ile deki ilikufa baada ya kama nusu mwaka, ila sikuwahi kuhusisha mambo hayo mawili.

Mpendasauti

Nimekaa na deki jana usiku kama nilivyoelekezwa, na ninayo majibu.

Maswali matatu kwanza. Diski ya kwanza iliishi kwenye gari kwa karibu miaka miwili, mara nyingi juu ya dashibodi, nje ya kasha lake. Ile ya tatu ina lebo ya karatasi, niliyoichapa na kuibandika mwenyewe, na nakiri kwamba haikukaa katikati barabara. Na kuhusu CD za kiwandani, sikuwa nimeligundua hilo hadi ulipouliza, ila ndiyo: DVD inaanza baada ya sekunde 9, lakini CD ya kiwandani nimeihesabia sekunde 16, na nina hakika zamani haikuwa hivyo.

Nikisikiliza, CD ya kwanza lenzi inapapasa mara nne, mota inajaribu kama kusukumwa mara moja, kisha kimya. Ya pili mota inakolea na kuzunguka kwa muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Ya tatu wakati mwingine inafanya kama ya kwanza, wakati mwingine inasoma. Na inaposoma, trei nzima inavuma, unaweka mkono juu ya mfuniko unausikia mtetemo. CD-RW inapapasa tu. Naye mwenzangu aliyekuwa nayo kabla yangu ananiambia hajawahi kuisoma CD-RW ndani yake.

Halafu nikaichoma upya ile ya MP3, safari hii kwa kuchagua deki ya CD na DVD, nikaifunga. Imesomwa. Ilichukua muda kidogo lakini imesomwa, na folda zote zimeonekana.

Diski_Tupu

Vizuri, ya pili imekwisha. Kuhusu ya tatu, naomba nieleze ile 52x, kwa sababu inaeleza kwa nini nyimbo za mwishoni ndizo zinazoruka.

Deki inaposoma CD ya muziki huizungusha taratibu: kama mizunguko 500 kwa dakika ikiwa sehemu ya ndani, na hupungua hadi 200 hivi ikifika ukingoni, ili data ipite mbele ya leza kwa mwendo ule ule. Kichomeo cha 52x kinafanya kinyume. Kinaizungusha diski kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika, kwa hiyo sehemu ya ndani inachomwa kwa kasi ya 20x na kidogo tu, na hiyo 52x iliyoandikwa kwenye boksi inafikiwa kule ukingoni peke yake. Yaani wimbo wako wa kwanza na wa kumi na saba havikuchomwa kwa kasi moja. Ule wa kumi na saba ulichomwa mahali ambapo diski inatikisika zaidi na leza ina muda mfupi zaidi wa kuliunguza kila doa. Madoa yanatoka hafifu na kingo zake hazieleweki. Kompyuta huvumilia, inarudia kusoma mara nyingi bila wewe kujua, lakini deki inacheza muziki moja kwa moja na haina nafasi ya kurudia sana.

Choma kwa 16x au 24x. Wengine watakushauri ushuke hadi kasi ya chini kabisa, na kwa diski za zamani walikuwa na haki. Lakini rangi ya diski za leo imetengenezwa ili iitikie kuchomwa haraka, na vichomeo vingi vya siku hizi havikubali hata kushuka chini ya 8x. Kasi ya katikati inatosha.

Lebo ya karatasi isipokaa katikati huiyumbisha diski inapozunguka, ndiyo maana ya ule mvumo, na hapo sina la kumsaidia mtu zaidi ya kumwambia asiibandike. Kalamu laini ya wino usio na kemikali kali, kwenye ukanda wa plastiki karibu na tundu la katikati, inatosha kuandika jina.

Fundi_wa_Zamani

Niongeze kwenye lebo: usijaribu kuibandua. Watu wanadhani upande wa kulinda wa CD ni ule unaong'aa, kumbe huo una plastiki ya milimita 1.2 juu yake. Upande wa jina ndio mwembamba; chini ya wino kuna vanishi tu, na chini ya vanishi kuna kioo chenyewe na data. Ukibandua lebo, kioo kinaondoka na gundi, na diski ukiiinua kwenye taa utaona mwanga ukipita.

Diski ya kwanza imeunguzwa na jua. Ile rangi ya CD-R inaathiriwa na mwanga na joto, na miaka miwili juu ya dashibodi ni mingi. Usihangaike kuilazimisha kwenye deki. Iweke kwenye kompyuta, tumia programu ya kunakili nyimbo inayoweza kupunguza kasi ya kusoma na kurudia sehemu zenye makosa, okoa kinachookolewa, kisha uichome upya.

Na zile sekunde 16 dhidi ya 9 ndizo ninazozitilia maanani kuliko yote. Kwa mtazamo wangu unayo mambo mawili yaliyokutana: leza ya CD imeanza kuchoka, na diski zako zilikuwa dhaifu. Leza ikiwa na nguvu zake ilikuwa inazibeba diski dhaifu bila wewe kujua. Sasa haizibebi tena.

Mpendasauti

Ili nisichanganye kasi na lebo, nimechoma nakala mbili mpya za ile diski ya tatu, kwenye diski za boksi moja: ya kwanza kwa 16x ikiwa na lebo ya karatasi, ya pili kwa 52x bila lebo. Kisha nikaongeza ya tatu, 16x bila lebo.

Yenye lebo ya 16x ilisomwa mara ya kwanza, lakini mvumo ulikuwa pale pale, na wimbo wa mwisho uliruka mara moja. Ya 52x bila lebo haikuvuma. Ilikubali kwenye jaribio la pili, na ikaruka kwenye wimbo wa 15 na wa 17. Ya 16x bila lebo nimeiweka mara kumi. Imesomwa mara zote kumi, na nimeisikiliza mara mbili hadi mwisho bila kuruka. Inachukua sekunde 18 kuanza, kwa hiyo uchovu wa leza upo, siukatai.

Diski ya kwanza nimeiokoa nyimbo tisa kati ya 11. Mbili za mwisho zina milio ya kukwaruza ambayo programu ilirudia kusoma kwa zaidi ya nusu saa bila mafanikio. Kopi ya zile tisa inasomwa na deki.

Sasa nibaki na swali moja kwa Fundi. Nikitaka kubadilisha kichwa baadaye, ni kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya nyumbani?

Fundi_wa_Zamani

Anaweza, akiwa na subira. Bado usibadilishe. Deki inasoma CD-R iliyochomwa vizuri, basi itumie. Andika mahali zile sekunde 16 za CD ya kiwandani, upime tena kila baada ya miezi michache kwa diski ile ile. Zikianza kupanda, au CD za kiwandani zikianza kukubali kwa jaribio la pili, hapo agiza kichwa. Namba yake huwa imechapwa kwenye kichwa chenyewe au kwenye waya bapa unaotoka humo, na ninakushauri uichukue namba hiyo kwa kufungua na kuangalia, usitegemee jina la modeli ya deki, kwa sababu modeli moja inaweza kutoka na vichwa viwili tofauti. Chomoa umeme kwanza, na usiiwashe deki ikiwa wazi ukainamia lenzi kutazama. Ule mwanga wa nanomita 780 huuoni, ila unaingia jichoni.

Siku utakapokibadilisha, kuna jambo moja ambalo limewaangusha wengi. Kichwa kipya huja na tone dogo la lehemu linalounganisha nukta mbili kwenye ubao wake, ili umeme tuli wa vidole vyako usiiue leza kabla haijafungwa. Shika kwanza chuma cha bodi ya deki kutoa umeme mwilini, chomeka waya bapa, na baada ya hapo ndipo uliondoe tone lile kwa pasi ya kulehemu. Ukiliondoa kabla, unaweza kuiua leza kwa kuigusa tu. Ukilisahau, deki itapapasa na kuandika hakuna diski kwa kila utakachoweka, DVD zikiwemo, nawe utarudi hapa kusema umeuziwa kichwa kibovu.

Bisibisi

Kumbe lile tone lilikuwa na kazi. Mimi nilirudisha vichwa viwili.